Msimlaumu Mpiga Kura wa Kike

Kila ninapofunza wanawake wanaotaka kuwania wadi, lazima mtu anyanyue mkono: "Mbona wanawake hawachaguani, na wao ndio wengi?" Swali hili limenichosha, maana limesimama juu ya mambo mawili yasiyo ya kweli.

Kwanza, si wengi. Katika sajili ya wapiga kura wa Kenya ya 2022, wanawake walikuwa asilimia 49.12, wanaume 50.88.

Pili, hakuna ajuaye walimpigia nani. Kura ni ya siri na karatasi haiandikwi jinsia. Kituo kikijaa, watu hugawanywa kwa herufi za majina: Amina na Abdalla huingia chumba kimoja, wakatumbukiza kura katika sanduku moja. Wewe unayeapa kwamba wanawake wa wadi yako walimnyima mwenzao, kura zao ulizihesabu wapi?

Tena, kila wadi ina wanaume walioangushwa na mwanamume mwenzao, wala hatusemi adui wa mwanamume ni mwanamume. Lawama hii huangukia wanawake peke yao, na anayenufaika nayo ni chama.

Mwaka 2022, wadi 1,450 zilichagua wanawake 115. Mwaka 2017 walikuwa 96. Katika wadi nyingi karatasi ya kura haikuwa na jina la mwanamke hata mmoja. Mwanamke huondolewa mapema, kwenye mchujo wa chama: kituo kinahamishwa usiku, cheti cha chama anapewa mwingine, wazee wanamshauri asubiri kiti cha kuteuliwa. Katika ngome ya chama, mwenye cheti ameshashinda. Mpiga kura hufika mambo yamekwisha.

Mpiga kura anapopewa nafasi, humchagua mwanamke. Magavana wanawake walikuwa 3 mwaka 2017; mwaka 2022 wakawa 7. Kwale ilimchagua Fatuma Achani, aliyekuwa naibu gavana tangu 2013. Homa Bay ilimchagua Gladys Wanga, mwakilishi wake wa wanawake kwa mihula miwili. Wavinya Ndeti alishindwa Machakos 2013 na 2017, akashinda 2022.

Unawania 2027? Hakikisha jina lako limo katika sajili ya chama. Soma kanuni za mchujo kabla ya kulipa chochote. Ulizia ada ya tume ya uchaguzi, IEBC: mwaka 2022 mwanamke aliyewania wadi alilipa Sh2,500 badala ya Sh5,000. Weka ajenti kila kituo, kuanzia siku ya mchujo. Ukidhulumiwa, lalamika kwa maandishi chamani, kisha nenda kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama. Ukitishwa, piga ripoti polisi na uondoke na nambari ya kitabu cha matukio (OB). Ukipewa kiti cha kuteuliwa, kura yako katika bunge la kaunti ni kamili lakini huna wadi. Jichagulie moja, uanze kazi.

Nawe unayetaka kusaidia, acha kuwahubiria wanawake wapendane. Tafuta mgombea unayemwamini, umlipie ajenti mmoja nauli na chakula siku ya mchujo.