Sufuria ya Wendani na Meza Iliyopotea

Chuo Kikuu cha Kenyatta chimbuko lake ni mwaka 1965, Uingereza ilipoikabidhi Kenya kambi ya jeshi ya Templer pale Kahawa ikawa chuo. Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma alikula mesini bila kutoa hela mfukoni. Mwaka 1991, katika mageuzi yaliyoshinikizwa na Benki ya Dunia, mpango huo ulifutwa, kila mmoja akaanza kulipia sahani yake. Wengi huyasimulia mageuzi hayo kama habari ya bajeti. Kwangu, hasara kubwa zaidi ilikuwa ya jirani wa mezani: wa Lodwar na wa Lamu, waliokalishwa pamoja na foleni tu.

Leo, ng'ambo ya barabara kuu ya Thika kutoka chuoni, mtaani Kahawa Wendani, wanafunzi wamejiundia mesi zao ndogo. Bedsita moja, meko moja ya gesi, walaji wanne: huyu analeta unga, yule sukuma wiki na nyanya, wa tatu anajaza mtungi, na aliyeishiwa wiki hiyo anasonga ugali na kuosha sufuria. Wapo wanaosema hiyo ni shida tu, kwamba pesa za mkopo wa HELB zikiingia kila mtu hukimbilia chipsi zake. Shida ipo, sikatai. Lakini shida peke yake ingemfukuza aliyeishiwa. Hapa anapangiwa zamu. Udhaifu wa sufuria hii uko kwingine: inachagua walaji. Mpishi huita anaowajua, mara nyingi waliotoka naye shule moja au wanaoongea lugha moja ya nyumbani, na mgeni wa mwaka wa kwanza hukosa wa kumwita.

Mfano wa meza isiyochagua upo mbali: katika vyuo vingi vya kihistoria vya Wamarekani weusi, Jumatano ni siku ya kuku wa kukaanga, na ukumbi wa chakula hufurika. Nguvu ya desturi hiyo ni kwamba siku inajulikana, na hakuna anayengoja mwaliko. Atakayeuliza gharama ya kuiga hilo hapa ana haki, na migomo ya zamani ya wanafunzi kuhusu chakula haijasahaulika. Sidai mlo wa bure wa kila siku urudi. Nadai mlo mmoja kwa wiki, hata githeri, kwa bei ndogo iliyo sawa kwa wote, kwenye meza ndefu. Viongozi wa wanafunzi na wakuu wa vyuo, anzeni na wanafunzi wapya, muhula ujao.