Kikaragosi 'alisema' au 'kilisema'?

Juma lililopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu hapa Kendu Bay. Mmoja aliandika: 'Kikaragosi alimdhiaki Rais.' Nikakata alama. Nomino hiyo si ya ngeli ya KI-VI? Msichana akanijia na daftari mkononi: "Mwalimu, lakini si anaongea?"

Alikuwa akieleza XYZ Show, kipindi kilichoanza kuonyeshwa kwenye runinga mwaka 2009. Aliyekibuni ni mchoraji Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzawa wa Dar es Salaam aliyejiunga na gazeti la Nation mwaka 1992. Nilipoifikiria kazi yake, kalamu yangu nyekundu ikaanza kusita.

Siasa humpa Gado sura, na tamthilia humpa namna ya kuisimamisha. Alimchora Uhuru Kenyatta akiwa na mnyororo mguuni wenye tufe zito, kwa sababu ya kesi ya Hague. Mnyororo ule ulifanya kazi ya maleba: ukiuona tu, unajua nani kaingia jukwaani. Kisha, kwa kufuata mfano wa Les Guignols de l'info cha Ufaransa, akazitoa sura zake karatasini zikawa vichwa vya mpira. Sasa kila mwanasiasa alihitaji mtu wa kumchezesha na wa kumwigia sauti. Na kichwa cha mpira kina uso mmoja wa kutumia kipindi kizima, uso huohuo ubebe ulafi, woga na kicheko.

Neno lenyewe lilitoka jukwaani. Karagöz ni mcheshi wa michezo ya vivuli ya Waturuki, asiyewaonea haya wakubwa. Jina lake lilienea hadi kwa Waarabu, na ndilo linalosikika katika 'kikaragosi'. Baadaye siasa zetu zikaliteka: 'kikaragosi huyu wa mabeberu', ndivyo tusemavyo, wala hatusemi 'hiki'.

Kwa hivyo kikilala sandukuni, kimechakaa. Kikitiwa mkono na sauti, huyo ni mhusika, na amesema.

Mwenzangu wa chumba cha walimu hakubali. Eti katika ngano hata kibuyu husema, na bado ni 'kibuyu kikasema'. Kweli, lakini kibuyu hakimwigi mtu anayeishi Ikulu, ambaye huenda anajitazama jioni hiyohiyo.

Nimemrudishia msichana alama yake. Ile ya 'kudhiaki' badala ya 'kudhihaki' bado nimeishikilia.