Mapazia Yasiyoitika Asubuhi

Mjomba wangu alikaa Maskati miaka mingi kabla ya kurejea Mombasa kuishi katika nyumba ya wazee wake, Mji wa Kale, na miongoni mwa makasha aliyorudi nayo lilikuwamo moja, lililofungwa kwa uangalifu kuliko hata lile la vyombo vya kaure, ambalo ndani yake mlikuwamo mapazia matano ya kuviringishwa, kila moja na mota nyembamba iliyofichwa ndani ya bomba la alumini, na betri yake, na uwezo wa kupokea amri kwa mawimbi ya hewani, bila ya uzi kuvutwa wala mkono kunyanyuliwa. Huko alikotoka yalimtii miaka minne. Saa 12 na nusu asubuhi yalipanda yote kwa pamoja, kwa sauti ya chini kama ya paka anayekoroma, na magharibi yakateremka.

Hapa Mombasa yalimtii siku mbili. Siku ya tatu yalipanda matatu, na mawili, yale ya chumba cha nyuma yanayotazama ua, yakasalia chini kana kwamba hayakuambiwa neno. Na ajabu ni kwamba adhuhuri ile ile, mjomba alipobonyeza simu yake, yalipanda bila ya ubishi. Fundi aliyeyatundika alisema ni betri. Zikachajiwa hadi zikajaa, na hali ikawa vile vile. Muuzaji alipopigiwa simu alitoa dawa ambayo wauzaji wa vyombo hivi huitoa kwa kila maradhi, yaani kufuta kila kitu na kuyaunga mapazia upya. Mjomba aliyafuta na kuyaunga mara tatu katika juma moja, na kila mara yalikuwa na adabu mchana kutwa, kisha asubuhi ya pili yakarudia ukaidi wao. "Mjomba," aliniambia kwa simu, kwani sisi huitana hivyo pande zote mbili, "njoo unitazamie mapazia haya. Mkaza mjomba wako ashaanza kuyasomea."

Sharti langu la kwanza lilikuwa asiyafute tena. Mwenye kufuta kila kitu aghalabu hupata nafuu ya siku moja, walakini pamoja na ubovu huufuta na ushahidi wa ubovu wenyewe, mfano wa mtu anayefua nguo yenye damu kabla ya kadhi kuiona. Nikampa daftari na kalamu, ili kila asubuhi aandike pazia lipi limeitika na lipi halikuitika, saa ngapi lilirudiwa na fahamu, na jambo lolote lililokuwa si la desturi nyumbani usiku uliotangulia. Alilalamika kwamba hakununua mapazia ya kisasa ili yeye awe karani wao. Hata hivyo, akaandika.

Daftari lilipokuwa likijaa nilipata wasaa wa kuitazama nyumba, kwa sababu katika mambo ya mawimbi nyumba yenyewe ni sehemu ya chombo. Mapazia haya hayatumii waifai. Yanazungumza kwa lugha iitwayo Zigbee, jina lililotokana na ngoma wanayoicheza nyuki kuelekezana penye maua, na ambayo msingi wake wa redio ulitolewa mwaka 2003 kwa ajili ya vyombo vidogo vyenye maneno machache na betri ya kuhifadhiwa. Waifai ingeikausha betri ya pazia upesi; Zigbee husema neno lake kwa miliwati chache, kisha hulala. Pazia lililolala huamka baada ya kila muda kidogo, humwuliza jirani yake kama ameshikiwa ujumbe, na likiambiwa hapana hulala tena. Jirani huyo ama ni kituo kikuu chenyewe, kile kinachotoa amri, ama ni chombo chochote cha lugha hiyo kilichochomekwa katika umeme wa ukutani, ambacho, kwa kuwa hakina haja ya kubania nguvu, hukaa macho usiku na mchana na kupokezana maneno ya wenzake. Chombo cha betri hakibebi ujumbe wa mwingine kabisa. Kwa hiyo mapazia matano yaliyopangwa safu moja hayasaidiani hata kidogo, na hili ni jambo ambalo wanunuzi wengi hudhani kinyume chake.

Sasa itazame nyumba. Mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wake ni sentimita 12 na nusu hivi, zaidi kidogo ya nusu shibiri, hupenya mlango wa mbao na ukuta mwembamba bila ya taabu kubwa. Lakini wazee wetu hawakujenga kuta nyembamba. Walijenga kwa matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi, na kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikandaa ambazo hazikuweza kuvuka nafasi kubwa, vyumba vyao ni virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita 3, ukuta baada ya ukuta. Kutoka sebuleni, kilipowekwa kituo kikuu, hadi chumba cha nyuma, nilihesabu hatua zangu kumi na nne na kuta tatu. Tena matumbawe hunywa unyevu, na ukuta uliolowa humeza mawimbi zaidi ya ukuta mkavu, hata mtu asistaajabu ikiwa kilichosikika Januari kinadhoofika katika masika. Mjomba alikuwa na insafu ya kulijua hili nusu yake, kwa maana aliichomeka katika ukumbi wa kati plagi ndogo ya kupokezana aliyokuja nayo, iwe daraja baina ya sebule na chumba cha nyuma.

Daftari lilipotimiza siku tisa tuliketi barazani kulisoma. Asubuhi saba mapazia mawili ya nyuma hayakuitika, na asubuhi mbili, Jumamosi na Jumapili, yaliitika yote matano. Mbele ya siku hizo mbili mjomba alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake wa kupinda, kwamba binamu yangu alikuja kutoka Lamu na kwa sababu ya joto alilala ukumbini na feni. Nikaenda ukumbini. Feni ilikuwa imechomekwa katika ekstensheni moja na ile plagi ya kupokezana, na ekstensheni yenyewe katika soketi yenye swichi yake, kama zilivyo soketi zetu.

"Soketi hii huzimwa na nani usiku?" niliuliza.

Sauti ya mkaza mjomba ikatoka jikoni. "Mimi. Kila siku baada ya Isha nazima zote zisizo na kazi. Tokeni zaokotwa?"

Mambo yote yakawa dhahiri. Usiku daraja liliondolewa; mapazia mawili yaliamka, yakamwuliza jirani, jirani hayupo; yakatafuta mwingine, na baina yao na kituo kikuu mna kuta tatu. Amri ya saa 12 na nusu ilipotolewa hapakuwa na wa kuifikisha. Saa mbili, mkaza mjomba alipowasha soketi ile asikize redio yake, plagi ilizinduka, mapazia yakaipata njia, na adhuhuri yakawa matiifu kwa bwana wao. Kila mara mjomba alipoyaunga upya aliyaunga mchana, soketi ikiwa imewashwa, na kwa hiyo kila mara alidhani amewapa wagonjwa dawa, ilhali wagonjwa hawakuwa na maradhi mchana.

Ilibaki hesabu ya tokeni, na hiyo niliifanya mbele ya mkaza mjomba kwa staha, kwa sababu desturi yake ni njema na imeinusuru nyumba ile na gharama nyingi. Tuseme plagi ile hula wati moja kamili, usiku na mchana, siku 30: jumla ni wati-saa 720, chini ya robo tatu ya uniti moja kwa mwezi mzima. Alinitazama, akamtazama mumewe. "Basi iwate hiyo moja," alisema.

Ningependa kuandika kwamba kisa kiliisha hapo, ila pazia moja liliendelea kukosa kuitika mara moja katika siku tatu au nne. Tulipoondoa televisheni tulikuta kituo kikuu kimelazwa juu ya ruta ya waifai. Kituo kilitumia chaneli ya 11 ya Zigbee, ambayo ni megahezi 2405, na ruta ilijichagulia chaneli ya 1 ya waifai, yenye kitovu chake megahezi 2412 na upana wa megahezi 20. Yaani aliyenong'ona alikuwa amewekwa kinywani mwa anayepiga kelele. (Nambari hizi zisimhadae msomaji: chaneli ya 11 ya waifai iko megahezi 2462, na haina udugu wowote na ya 11 ya Zigbee, kama Ali wawili wa mtaa mmoja.) Tuliifunga ruta kwenye chaneli ya 11 ya waifai isijichagulie tena kila umeme unapokatika na kurudi, na kituo tukakisogeza mita mbili mbali nayo. Kisha nilipanda ngazi na kuona kwamba fundi, kwa kupenda unadhifu, alikuwa ameuzungusha waya wa antena ya pazia lile katika chuma kilicholishikilia, na chuma huyazuia mawimbi. Tukaufungua ukaning'inia wima, peke yake. Pazia likapona. Ipi kati ya hizo mbili ndiyo dawa siwezi kuapa, maana mimi niliyemhubiria mjomba subira niliyafanya yote kwa jioni moja.

Wanaoniuliza kama vitu hivi vina thamani ya fedha zake huwajibu kwamba mimi nisingeingiza nyumbani pazia lisilo na kitufe au uzi wa kulishusha kwa mkono, wala lile ambalo amri yake lazima isafiri kwa intaneti hadi ng'ambo na kurudi ndipo litikisike, kwa sababu siku intaneti itakapokatika utaketi na jua usoni ukiwa na simu mkononi. La mjomba huhifadhi ratiba yake katika kituo kilichomo nyumbani, na hilo ni jambo la kulitafuta kabla ya rangi ya kitambaa.

Soketi ya ukumbini sasa imebandikwa karatasi yenye neno moja, USIZIME, kwa mwandiko wa mkaza mjomba mwenyewe. Nyingine zisizo na kazi bado huzimwa baada ya Isha.