Ukurutu wa Mafuta: Mba Inaposhuka Usoni

Watu wazima wengi huwashwa kichwani na kudondosha magamba membamba kama unga. Hiyo ni mba. Ikikolea, huteremka hadi kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio na kifuani. Ndipo huitwa ukurutu wa mafuta. Katika ngozi nyeupe mahali hapo huwa pekundu. Katika ngozi nyeusi aghalabu hutokea mabaka yaliyopauka, ambayo yaweza kudhaniwa kuwa choa.

Chanzo chake si uchafu. Juu ya ngozi ya kila mtu mzima huishi kuvu wadogo wa jamii ya hamira, waitwao Malassezia, kwa jina la mtaalamu wa Ufaransa, Louis-Charles Malassez, aliyewachunguza katika karne ya 19. Kuvu hao hawawezi kujitengenezea asidi za mafuta. Hivyo huyavunjavunja mafuta yatolewayo na tezi za ngozi. Mabaki yake, hasa asidi ya oleiki, huichokoza ngozi iliyo nyepesi kudhurika. Nayo ngozi huharakisha kuzaa chembe mpya, na zile za zamani hubanduka kwa mafungu: hayo ndiyo magamba. Kwa kuwa tezi hizo huchangamka baada ya balehe, ugonjwa huu huwapata zaidi watu wazima. Hauambukizi.

Tiba hupunguza kuvu, lakini haiwaondoi kabisa. Kwa hiyo ugonjwa hutulia na kurudi. Shampuu yenye ketokonazoli huachwa kichwani kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuzwa, mara 2 kwa juma. Kwa nywele za kipilipili zilizo kavu, mara 1 kwa juma hutosha. Usoni hupakwa krimu ya kuua kuvu.

Hatari kubwa imo katika krimu kali za steroidi, ambazo wengine hujinunulia dukani bila ushauri. Mwasho hukoma upesi, lakini zikitumiwa muda mrefu ngozi huwa nyembamba na chunusi huzuka. Zikiachwa, ukurutu huweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Ukurutu huu ukizuka ghafla na kuenea sana, yafaa mgonjwa apimwe virusi vya UKIMWI, kwani kinga iliyodhoofika huupa nafasi. Hata hivyo, wengi walio nao hawana virusi hivyo, wala hawastahili kunyanyapaliwa.