Kuipenda Timu Iliyokuwa Bingwa

Katika mabweni ya shule yetu hapa Wanging'ombe kuna vyama viwili visivyoandikishwa popote, navyo ni Simba na Yanga. Mgeni akipita Jumapili jioni atavitambua bila kuuliza, maana walioshinda husema kwa sauti, na walioshindwa hufua nguo zao kimya. Kwa muda wa miaka minne, wenye kufua kimya wamekuwa mara nyingi wapenzi wa Simba. Nia ya makala hii ni kueleza hali yao: kwa nini ni wengi, timu yao ilishukaje, na kwa nini hawaihami.

Sisi wa Kidato cha Nne wa mwaka 2025 tulikuwa darasa la nne mwaka 2018. Mwaka huo Simba ilipata ubingwa wa Tanzania Bara, ambao ilikuwa haijaupata tangu mwaka 2012. Ikaupata tena mwaka 2019, na 2020, na 2021 tulipokuwa darasa la saba. Basi mtoto aliyeanza kuujua mpira katika miaka ile hakuona bingwa mwingine. Mwezi wa Februari 2019 Simba iliishinda Al Ahly ya Misri kwa bao 1–0 mjini Dar es Salaam, na Februari 2021 ikaishinda tena kwa hesabu ile ile. Katika misimu yote miwili ilifika robo fainali ya mashindano ya mabingwa wa Afrika. Dar es Salaam iko mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 600, lakini habari hizo zilitufikia kwa redio, na katika vibanda umiza vya Makambako, ambako watoto hukaa chini mbele na wakubwa husimama nyuma.

Tulipoingia Kidato cha Kwanza mwaka 2022, ubingwa ulikwenda Yanga. Ukakaa huko mwaka 2023, 2024 na 2025. Kwa hiyo yule aliyeshangilia kila mwaka katika nusu ya pili ya shule ya msingi hajashangilia ubingwa hata mara moja katika sekondari. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5–1, na kwa majuma mengi baadaye mtu hakuweza kutaja neno "tano" darasani bila kuchekwa. Baadhi ya wenzetu wakaanza kusema ati wao hawana timu. Mmoja aliuza jezi yake nyekundu kwa bei ya sabuni mbili.

Labda msomaji atauliza, timu yenye nguvu kiasi kile hushukaje? Sababu ni nyingi, lakini tatu zaonekana wazi.

Kwanza, timu ikifanikiwa, wenye fedha zaidi huja kuwachukua walioifanikisha. Mwezi wa Agosti 2021 Clatous Chama, Mzambia, alikwenda RS Berkane ya Morocco, na Luis Miquissone wa Msumbiji akaenda Al Ahly, timu ile ile aliyoifunga. Ni kama mfugaji wa kwetu anayemwuza ng'ombe wake bora wa maziwa: fedha anazo mkononi, lakini asubuhi kibuyu ni kitupu.

Pili, makocha walibadilishwa mno. Didier Gomes Da Rosa aliondoka Oktoba 2021, na kabla Fadlu Davids hajafika mwaka 2024 walikwisha kupita Pablo Franco, Zoran Maki, Roberto Oliveira na Abdelhak Benchikha. Darasa lililopata kubadilishiwa mwalimu wa hesabu kila muhula laijua taabu hiyo.

Tatu, mshindani naye hakulala. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mara nyingine hushindwi kwa kuwa umekuwa mbaya, bali kwa kuwa mwenzako amekuwa mwema zaidi.

Sasa tutazame miaka ya nyuma, maana ndiyo dawa ya masikitiko haya. Yanga ilipata ubingwa mara tano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Wapenzi wa Simba wa siku zile waliona pia dunia imekwisha. Lakini Simba nayo ilipata mara tano mfululizo, kuanzia 1976 hadi 1980, na katikati yake, Julai 1977, ikaifunga Yanga mabao 6–0. Ubingwa huzunguka kama zamu ya kufagia bweni; tofauti yake ni kwamba hakuna ajuaye orodha.

Tena Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971, kwa jina la timu ya Uingereza. Timu hiyo ya Uingereza ilikuwa bingwa wa nchi yake mara sita, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka huo huo wa 1936. Mwaka 2018 ilishuka hata daraja la tatu, na mwaka 2025 ikapanda tena daraja la juu. Wako watu waliozaliwa wakaipenda, wakazeeka bila kuuona ubingwa, wala hawakuhama. Miaka minne yetu ni nini mbele ya hiyo?

Lakini liko jambo ambalo wapenzi wa Simba na wa Yanga wa mkoa huu yatupasa kulitazama pamoja. Msimu wa 2017/2018 Njombe Mji ilicheza ligi kuu, na timu kubwa zikaja mpaka Uwanja wa Sabasaba, Njombe. Mwisho wa msimu huo, Simba ikiwa bingwa, Njombe Mji ilishuka daraja pamoja na Majimaji ya Songea. Simba ikikosa ubingwa miaka minne, nchi nzima huzungumza. Njombe Mji ilipoanguka, ni nani aliyelia bwenini? Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Haikuupata ubingwa tena, na leo wanafunzi wengi hawalijui jina lake.

Hapo twaona kazi ya mpenzi wa timu. Timu kubwa ikishuka huinuka, kwa sababu watu wake hubaki: hulipa viingilio, hununua jezi, hudai haki. Mei 2025 Simba, bila ubingwa wa nyumbani, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho ikashindwa na RS Berkane. Na Zanzibar, ilikochezwa mechi ya pili, watu walikuja. Timu ndogo ikishuka hubaki peke yake.

Basi anayetucheka na acheke, maana zamu ni yake. Nasi tuendelee kuvaa nyekundu. Lakini Jumamosi timu ya shule yetu ikicheza na kufungwa, tusiondoke uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho. Wenzetu wale hawana redio ya kuwatangaza, wana sisi tu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne