Kisu Butu na Nyama Halali

Alfajiri moja nilipeleka mbuzi wa akika machinjioni. Mchinjaji alipiga bismillahi vizuri tu, lakini kisu kilikuwa butu. Akawa anasugua shingo kama akatae kamba. Mbuzi wengine wamefungwa pale pale, wanatazama.

Sisi huuliza tu kama nyama ni halali, basi. Lakini Mtume (SAW), katika hadithi iliyomo ndani ya Sahih Muslim, alituamuru tuchinje kwa wema: tunoe kisu, tumpumzishe mnyama. Kisu kikali hukata koo, umio na mishipa miwili ya damu kwa mara moja. Damu humwagika kwa kasi, ubongo ukakosa damu na fahamu ikapotea upesi. Kisu butu humrefushia maumivu. Na kumchinja mnyama mbele ya mwenziwe wanazuoni wanaona ni makruhu.

Mlaji naye hupata hasara. Mnyama aliyehangaishwa muda mrefu humaliza sukari ya misulini, na nyama yake hupiga weusi na kuharibika upesi.

Pilau ya nyama siiachi, nasema mapema. Ila siku hizi naenda na kisu changu, nimeshakinoa nyumbani.