Walinzi Waliomo Ndani ya Ngozi Yetu

Mama amwoshaye mtoto aliyejikata mguuni huona mara nyingi jambo la kushangaza. Kidonda ki unyayoni, lakini baada ya siku moja au mbili uvimbe mdogo wenye kuuma hutokea kinenani. Huo ndio mtoki. Watu husema kwamba uchafu wa kidonda umepanda juu, nao hawakosi kabisa. Lakini haukupanda uchafu peke yake. Wamepanda pia wajumbe, na wajumbe hao walitoka katika ngozi.

Ndugu wasomaji, ngozi si gunia la kufungia nyama na mifupa. Tabaka lake la juu, lililo jembamba kama karatasi, limejengwa kwa chembe zilizobanana kama matofali ya ukuta. Katikati ya matofali hayo, katika kila chembe mia, zimo tatu hata tano hivi za namna nyingine: zina mikono mirefu iliyotapakaa pande zote kama mizizi ya mti. Mikono hiyo hupenya kati ya matofali na kupapasa kila kigeni kiingiacho.

Aliyeziona kwanza alikuwa mwanafunzi wa uganga mjini Berlin, katika nchi ya Udachi, jina lake Paul Langerhans. Ilikuwa mwaka 1868, naye alikuwa kijana wa miaka 20 na kidogo. Alitia kipande cha ngozi katika maji yenye chumvi ya dhahabu, na chembe zile zikageuka nyeusi, akaziona wazi kwa darubini. Kwa kuwa zilikuwa na matawi, akadhani ni za mishipa ya fahamu. Mwaka uliofuata, kijana yule yule alieleza vile visiwa vidogo vilivyomo katika kongosho, ambavyo tunajua leo kwamba ndivyo vinavyotengeneza insulini. Wagonjwa wa sukari wanamfahamu daktari huyo bila kujua jina lake. Kisha kifua kikuu kikamshika, akahamia kisiwa cha Madeira, akafa huko mwaka 1888 kabla ya kutimiza miaka 41. Hakujua kamwe kazi ya chembe alizozivumbua katika ngozi.

Wataalamu walibishana juu yake kwa muda wa miaka mia. Wengine walisema ni chembe za rangi ya ngozi zilizochakaa. Mwaka 1973 Ralph Steinman na mwalimu wake Zanvil Cohn, mjini New York, walieleza chembe zenye matawi walizozikuta katika wengu wa panya, na baadaye ikafahamika kwamba zile za ngozi ni za ukoo huo huo. Steinman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2011. Ilipotangazwa, alikuwa amekwisha kufa siku tatu kabla, na watoa tuzo walikuwa hawajapata habari.

Kazi yenyewe ni hii. Kidudu kikipenya ngozi, chembe yenye matawi hukimeza, hukikatakata, kisha huacha mahali pake na kushuka kwa njia za maji ya mwili mpaka kwenye tezi iliyo karibu, ya kinenani, ya kwapani au ya shingoni. Huko huwaonyesha askari wa damu kipande cha adui: mtazameni, ndiye huyu. Askari wanaomtambua huongezeka kwa wingi, tezi ikavimba. Kisha huenda kupigana, na baadhi yao hubaki katika ngozi miaka mingi, wakilinda pale pale adui alipoingilia. Chanjo ya kifua kikuu, iliyotolewa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1921, siku hizi hutiwa ndani ya ngozi ya mkono. Na ile ya ndui nayo ilikwaruzwa katika ngozi; lugha yetu yenyewe imesema kweli ilipoita kazi hiyo kuchanja.

Walinzi hao huweza pia kupiga kelele bure. Mtu avaa hereni au saa yenye nikeli, asipate neno. Lakini siku moja ngozi yake huanza kuwasha na kutoa maji kila anapoivaa. Nikeli si adui. Ila askari wamekwisha kufundishwa kuichukia.

Ubaya mkubwa zaidi huja walinzi wanapokuwa dhaifu. Tazameni ukoma, ambao kijidudu chake kilivumbuliwa na Hansen wa Norwe mwaka 1873, nao bado unapata watu wapya katika Kongo. Kijidudu ni kimoja. Mtu ambaye askari wake wanakitambua vema hupata mabaka machache. Yule ambaye askari wake hawakitambui hujaa vinundu mwili mzima, na katika ngozi yake zile chembe zenye matawi huonekana chache. Baka lisilosikia sindano wala moto lipelekwe kwenye kituo cha afya bila kungoja: dawa ni za bure, nazo huponya kwa miezi 6 au 12.

Lakini wako watu wawafukuzao walinzi wao kwa mikono yao wenyewe. Nasema juu ya mafuta ya kujichubua yauzwayo sokoni. Mengi yana kotikosteroidi kali, dawa ambayo daktari huitoa kwa kipimo na kwa siku chache. Ikipakwa kila siku mwili mzima, ngozi hung'aa kweli. Lakini huwa nyembamba, na chembe zenye matawi hupungua. Hapo choa huenea bila wekundu wa kumwonya mtu, upele wa kuambukiza hustawi, na vidonda hukawia kupona. Wengine huwapaka hata watoto wachanga! Ngozi ya mtoto hunywa dawa hiyo upesi kuliko ya mtu mzima, nayo huweza kuzuia kukua kwake.

Aliyeyapaka kwa miaka asiyaache ghafula peke yake, kwa maana ngozi huweza kuwaka na kutoa vipele vingi, naye akayarudia kwa hofu. Amwendee daktari na kichupa chenyewe mkononi, amwonyeshe maandiko yake, wapatane jinsi ya kupunguza kidogo kidogo.